Trilioni 17 hazinunui mtu wa kukukatalia

Mei 21, 2025 kampuni ya OpenAI, wenye ChatGPT, ilitangaza kuinunua kampuni changa iitwayo io kwa takriban dola bilioni 6.5. Ukizigeuza kuwa shilingi unakaribia trilioni 17, zaidi ya robo ya bajeti nzima ya Serikali yetu ya mwaka 2025/26. io haikuwa imeuza kitu hata kimoja. Ilikuwa na watu wapatao 55 na jina moja kubwa, Jony Ive, Mwingereza aliyeongoza usanifu wa iMac, iPod na iPhone pale Apple enzi za Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Tangu siku hiyo, kila ninapokaa na vijana wa ubunifu wa mji huu wa Arusha, wa Tengeru kwa wa Chuo cha Ufundi, hadithi ninayosimuliwa ni ileile: Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampata Ive, kama Jobs alivyompata. Mwenye maono amekutana na mwenye mikono, kilichobaki ni kusubiri maajabu.

Hadithi ni tamu, lakini nadhani tumeisoma vibaya, na mji wa karakana kama Arusha ndio utakaoumia zaidi kwa kuisoma vibaya. Kwanza, Ive mwenyewe hakununuliwa. Malipo yalikuwa ya hisa, waliohamia OpenAI ni watu wa io, na kampuni yake ya usanifu, LoveFrom, ilibaki ikijitegemea huku ikibeba jukumu la usanifu. Hilo ni la wanasheria, tuliache. Kubwa ni hili la maono na mikono. Ukiufuatilia ushirika wa Jobs na Ive mwaka hadi mwaka, utakuta kila mmoja alikuwa na vyote viwili kabla hawajakutana na havikumfikisha mbali. Walichokipata walipokutana ni kukataliana mapema. Mwenye kauli ya mwisho alisimama mezani kitu kikiwa bado kielelezo cha sponji ngumu, akasema hapana wakati hapana bado ni ya bei nafuu, na msanifu wake naye akawa na ubavu wa kumwambia hapana. Hicho hakiuzwi kwa hisa, na hicho ndicho karakana zetu zinakikosa.

Tuanze na Jobs akiwa peke yake. Alitoka Apple mwaka 1985 akaanzisha NeXT, na mwaka 1988 akazindua kompyuta yake ya kwanza: kisanduku cheusi cha magnesiamu, pande zote sawa, kilichosanifiwa na kampuni ya Mjerumani Hartmut Esslinger. Jobs alitaka kila pembe iwe nyuzi 90 kamili, bila ule mwinamo mdogo unaorahisisha kitu kuchomoka kwenye kalibu, kwa hiyo kalibu zenyewe zikagharimu fedha nyingi. Mashine ililengwa kwa vyuo vikuu, ikauzwa dola 6,500, na vyuo vikaitazama vikapita. Maono yalikuwapo, na msanifu mwenye jina alikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia bosi kwamba hizo nyuzi 90 ni za kumfurahisha yeye tu.

Sasa Ive kabla ya Jobs. Huyu ni mtoto wa mfua fedha aliyekuwa pia mwalimu wa ufundi, kwa hiyo alikulia kwenye harufu ya karakana. Aliingia Apple mwaka 1992, na mwaka 1997 timu ya usanifu ya Apple ikatoa Macintosh ya kuadhimisha miaka 20 ya kampuni: nyembamba, spika za Bose, sehemu ya kulaza viganja imefunikwa kwa ngozi. Bei ilikuwa dola 7,499. Mwaka haukuisha sawasawa kabla haijashushwa hadi dola 1,995 ili maghala yapate nafasi. Mwaka huohuo wa fedha Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni moja, na Ive alikuwa akifikiria kuacha kazi. Jobs aliporudi, wazo lake la kwanza lilikuwa kutafuta msanifu mwenye jina kutoka nje. Hakujua kwamba mtu anayemtafuta yuko chini ya dari ileile, kwenye ofisi ambayo wakubwa hawakuwa na kawaida ya kuitembelea.

Weka mashine hizo mbili pamoja, ya 1988 na ya 1997, utaona ni ndugu. Zote nzuri, zote ghali, zote zilisifiwa na waandishi na kukimbiwa na wanunuzi. Halafu itazame ya tatu, iMac ya Agosti 1998, ya kwanza waliyoifanya pamoja. Dola 1,299. Plastiki ya samawati unayoweza kuona ndani yake, rangi ambayo watu wa Ive walikwenda kiwanda cha peremende kujifunza namna ya kuipata. Na juu yake, mpini. Huo mpini ndio ninaopenda kuutazama kwa karibu. iMac haikuwa kompyuta ya kubebabeba, na nani hubeba televisheni kwa mpini? Hoja ya Ive ilikuwa kwamba watu wengi wanaiogopa kompyuta, na kitu unachokiogopa hukigusi. Mpini unamwambia mkono kwamba ruksa, shika. Wahandisi walilalamikia gharama, na walikuwa na haki, kwa sababu kasha pekee lilizidi dola 60, mara tatu ya kasha la kawaida. Jobs alisimulia baadaye kwamba walimletea sababu 38 za kwa nini haiwezekani. Lakini mpini aliuelewa palepale. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimeuzwa iMac zipatazo 800,000.

Wengi husimulia kisa cha sababu 38 kama kisa cha bosi mbishi aliyewashinda wahandisi waoga. Mimi nakisoma tofauti. Bosi mbishi alikuwapo pia NeXT na hakushinda chochote. Tofauti ya 1998 ni kwamba ubishi wake ulikuwa umekwisha kuchekechwa kabla haujafika kwa wahandisi. Alikuwa amepita kwenye meza za studio, ameshika vielelezo, vingi vimekataliwa, vingine na yeye, vingine na Ive. Ilikuja kuwa desturi: karibu kila siku Jobs akiwa ofisini alikula chakula cha mchana na Ive, kisha wakaingia studio, chumba chenye vioo vya giza ambacho wafanyakazi wengi wa Apple hawakuruhusiwa kukikanyaga. Ndani kulikuwa na meza ndefu za vielelezo na, kando yake, mashine za kuchonga vielelezo vipya. Hapakuwa na haja ya kikao wala taarifa ya kurasa 40. Ukishika kitu kwa mkono unajua kama kinakaa vizuri au hakikai, na mwenye kusaini hundi amesimama hapohapo, kakishika yeye mwenyewe.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa iPhone. Walikuwa wamefika mbali na muundo wa kwanza, ambao kioo kilikaa ndani ya kasha la alumini, kazi ya miezi. Jobs akaingia asubuhi moja akasema hakulala, kwa sababu amegundua hakipendi. Kioo ndicho simu yenyewe na kasha linakibana. Ive alikiri baadaye kwamba aliona aibu, kwa sababu mara tu alipoambiwa alijua ni kweli na hakuelewa ilikuwaje yeye asilione kwanza. Timu ikaanza upya, na simu ikazinduliwa Januari 9, 2007. Kumbuka kilichotokea hapo: bosi hakuleta wazo jipya. Alileta kukataa. Na aliyekataliwa hakununa wala hakutetea miezi yake, kwa sababu naye alikuwa amezoea kumkatalia huyuhuyu.

Haina maana kwamba wawili hao hawakukosea. Walikosea pamoja, tena hadharani. Kipanya cha duara kilichokuja na ile iMac kilikuwa kero, huwezi kujua kwa kukigusa upande wake wa mbele ni upi. Mwaka 2000 wakatoa Power Mac G4 Cube, ndugu wa tatu wa zile mashine mbili za huzuni, kisanduku kilichoelea ndani ya plastiki angavu, ambacho wateja walilalamika kuwa kina nyufa na bei yake haishikiki. Julai 2001 Apple iliisimamisha. Mwaka mmoja tu. Sasa linganisha na kibodi ile nyembamba iliyoanza na MacBook ya 2015, Jobs akiwa ameshafariki tangu Oktoba 5, 2011. Chembe ya vumbi ikiingia, herufi inakwama au inajirudia. Malalamiko yakajaa, Apple ikaifanyia marekebisho mara kadhaa, ikaanzisha mpango wa kuitengeneza bure, na bado ikaendelea kuiweka kwenye kompyuta mpya hadi 2019. Kosa la Cube lilidumu mwaka mmoja na la kibodi likadumu zaidi ya minne. Kampuni ni ileile, msanifu mkuu ni yuleyule, fedha ni nyingi kuliko mwanzo. Sidai kwamba sababu ni moja, Apple ya 2015 ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya 2001 na meli kubwa haigeuki haraka. Ila naona kwamba aliyekuwa akipita mezani kila mchana hakuwapo, na Tim Cook, aliyeshika nafasi ya Jobs, ambaye sifa yake ni kusimamia viwanda na ugavi kwa ustadi usio wa kawaida, hakujulikana kwa kushinda studio. Juni 2019 ikatangazwa kwamba Ive anaondoka.

Wako watakaosema kwamba naukuza mno ushirika wa watu wawili. Hapo nakubali nusu. Diski ndogo iliyowezesha iPod ya 2001 ilionwa na Jon Rubinstein kwa Toshiba, mradi ukaongozwa na Tony Fadell, na wazo la gurudumu la kuzungusha lilitoka kwa Phil Schiller, mtu wa masoko. Studio ya Ive nayo ilikuwa na wasanifu kadhaa ambao majina yao hatuyajui. Tena Ive mwenyewe alimwambia mwandishi wa wasifu wa Jobs jinsi ilivyomuuma kukaa ukumbini na kumsikia bosi akisimulia kwa sauti ya "mimi" mawazo yaliyotoka kwa timu yake. Fundi yeyote wa mtaa wetu wa Unga Limited angelielewa lalamiko hilo bila kutafsiriwa. Lakini Jobs huyohuyo alisema pia kwamba hakuna mtu Apple mwenye nguvu za kiutendaji kumzidi Ive isipokuwa yeye mwenyewe, na kwamba alipanga iwe hivyo makusudi. Sifa alimnyima, madaraka alimpa. Huku kwetu tunafanya kinyume: fundi tunamwita "mtaalamu", tunampiga picha naye siku ya maonyesho, kisha uamuzi wa kila kipimo unafanywa na mtu ambaye hajawahi kushika grenda.

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya mtaji. Rafiki yangu mmoja mhandisi aliniambia nisiwadanganye vijana: Jobs alipoamua dakika za mwisho kwamba kioo cha iPhone kisiwe plastiki, alimwendea mkuu wa kampuni ya vioo ya Corning, nao wakageuza kiwanda chao cha Kentucky kutengeneza kioo ambacho hakikuwa sokoni. Wewe wa Arusha ukikataa kitu dakika za mwisho utamwendea nani? Bati lenyewe unalifuata dukani ukiomba liwepo la unene unaoutaka. Sina jibu la kumshinda. Kukataliana hakuzai kiwanda, na mtu akiniambia kwamba vijana wawili wakila pamoja ugali kila mchana watazaa iPhone nitamcheka. Ila hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inanisaidia mimi. Kama Apple, yenye mabilioni, iliona afadhali kukosea kwenye sponji kuliko kwenye alumini, basi sisi ambao bati moja likikatwa vibaya ndiyo faida ya wiki imekwenda, ndio tunaopaswa kukosea kwenye boksi la karatasi. Maskini ndiye asiyemudu kukosea kwenye chuma.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia zaidi, ni ile ya kwamba usanifu ni urembo, mambo ya walioshiba. Sisi tunataka mashine ifanye kazi, rangi baadaye. Wanaosema hivi wanadhani msanifu ni mpaka rangi. Nitawapa kisa kimoja tu.

Mwaka juzi shemeji yangu aliamua kutengenezesha mashine ya kupukuchua mahindi, awe anaizungusha Mbuguni na vijiji vya jirani msimu wa mavuno. Alikuwa na picha kwenye simu, mashine ya nje, nyekundu, safi. Nilimsindikiza kwa fundi. Fundi akaitazama picha kwa muda, akachukua chaki akachora sakafuni miguu ya mashine na mdomo wa kumiminia mahindi, akasimama kando ya mchoro, akainua mikono kama mtu aliyeshika debe. Akasema, "Bosi, hapa akina mama watapata tabu." Mdomo wa kwenye picha ulikuwa unamfika yeye kifuani, naye ni mrefu. Kwa mama wa kimo cha kawaida hapo ni usawa wa macho, na debe la mahindi si kikapu cha maua. Shemeji akamwambia, "Fundi, wewe fuata picha." Fundi akafuata picha. Alilipwa nusu, akaahidiwa nusu, na shemeji hakukanyaga tena karakana hadi siku ya kuichukua, akapokea picha za maendeleo kwa WhatsApp na kujibu kwa kidole gumba. Mashine ilitoka nzuri kweli. Mbuguni akina mama waliipandia kwenye ndoo zilizopinduliwa, na kila aliyepanda alimwaga sehemu ya mahindi chini, na kuku wakajua saa ya mashine kufika. Kufikia wiki ya pili wateja walikuwa wamerudi kwenye mashine kuukuu ya jirani, isiyo na rangi yoyote, yenye mdomo wa usawa wa kiuno.

Mashine ilipukuchua vizuri kabisa. Kilichoharibika ni kimo, na kimo ndicho usanifu, kama mpini wa iMac ulivyokuwa usanifu: swali la mwili wa mtu utafanya nini mbele ya kitu hiki. Anayeona hilo ni urembo ajaribu kuinua debe ishirini. Na tazama kukataa kulikuwapo, tena mapema, kwa gharama ya kipande cha chaki. Fundi alisema. Ila hakuwa na cheo cha kusikilizwa, na mwenye cheo hakuwapo sakafuni siku zilizofuata ambapo angeweza kusimama kando ya vyuma akaona kwa macho yake. Kama kuna Ive katika kisa hiki alikuwa pale na chaki mkononi, akiambiwa afuate picha.

Si kwamba hatujawahi kufanya vizuri. Mfano mmoja ninaoupenda umefukiwa ardhini, ndiyo maana hausimuliwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hapa Arusha, CAMARTEC, kituo cha Serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, na wataalamu wa ushirikiano wa Kijerumani walitengeneza mtambo wa bayogesi wa kuba la matofali ambao hadi leo wataalamu wa Afrika Mashariki wanauita kwa jina la CAMARTEC. Mitambo ya kuba ina ugonjwa wake: ukuta wa chini ukipata ufa, ufa hupanda, na ukifika kwenye kuba gesi inapotea na mama anarudi kwenye kuni. Muundo wa Arusha ulitatua hilo kwa namna ambayo kila nikiieleza watu hudhani natania. Waliweka kiungo dhaifu makusudi. Kati ya sehemu ya chini na kuba kuna mkanda unaotakiwa kuachia, na juu yake mkanda wa nguvu, ili ufa ukianza chini uishie hapo na kuba libaki zima. Wazo la namna hiyo halitoki kwenye mchoro wa mtu aliye mbali. Lazima awepo aliyeona mashimo yaliyopasuka, awepo aliyepiga hesabu za mikazo, na awepo mwenye mamlaka ya kukubali kwamba sehemu ya kazi anayoigharimia itajengwa ili ishindwe. Nani angeipitisha leo kwenye kikao cha zabuni? Mkaguzi angeuliza kwa nini mkanda huu ni dhaifu, na jibu la "ni makusudi" lingeandikiwa hoja.

Hapo ndipo ninapoona athari kwetu. Mji huu una TEMDO, chombo cha Serikali cha usanifu wa mitambo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Una CAMARTEC. Una Chuo cha Ufundi. Una Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, ambayo mhandisi wake wa kemikali Askwar Hilonga alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji lenye nanoteknolojia, kazi yenye maana ya pekee kwenye ukanda huu ambao floridi imepaka meno yetu rangi ya kahawia vizazi na vizazi. Maono tunayo na mikono tunayo, tena kwenye eneo ambalo daladala moja au mbili zinalizunguka. Tunachokosa ni ile saa ya mchana. Mkurugenzi wa kwetu anaiona bidhaa mara mbili: kwenye andiko la mradi na kwenye uzinduzi. Katikati hapo yuko fundi na kipimo alichopewa, na mkataba unamwadhibu akibadilisha. Bajeti ina fungu la posho za vikao, ina fungu la kuchapisha mabango ya uzinduzi. Haina fungu la vielelezo vya kutupwa. Mtu akiomba milioni mbili za kutengeneza maboksi kumi ili tisa yatupwe, ataulizwa tisa zimepotelea wapi.

Natambua hatari ya ninachokisema. Bosi anayeshinda karakana kila siku anaweza kuwa balaa, na sote tunawajua wa namna hiyo, wanaoingia kila asubuhi na wazo jipya walilolipata usiku YouTube. Jobs naye alikuwa mkali hadi ukatili, na wapo waliotoka Apple na makovu. Kuwapo kwa bosi peke yake ni kero tu kama mtu wa mezani hana ruhusa ya kumjibu. Ndiyo maana nasisitiza neno kukataliana, na hiyo "-ana" iliyo mwishoni mwake. Shemeji yangu alijua kukataa vizuri sana.

Kwa hiyo nikirudi kwa Altman na Ive, sishangazwi na bei wala sitabiri kushindwa. Hadi ninapoandika, kifaa chao hakijawekwa sokoni na porojo za umbo lake ni nyingi kuliko habari. Ila tofauti moja haifichiki. Ive wa 1998 alikuwa mwajiriwa asiyejulikana aliyekuwa karibu kuacha kazi, na bosi wake alikuwa mtu aliyewahi kufukuzwa kwenye kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Wote wawili walikuwa na kumbukumbu mbichi ya kutengeneza kitu kizuri kisichonunuliwa. Ive wa leo ana cheo cha heshima cha Uingereza na kila anachochora kinasifiwa kabla wino haujakauka, na Altman ni mkuu wa kampuni ambayo dunia inaikimbilia. Ni nani kati yao ataamka asubuhi akamwambia mwenzake kwamba kazi ya miezi tisa aitupe? Hilo ndilo ningependa kulijua. Tangazo la Mei, pamoja na picha yao nzuri isiyo na rangi, halikuligusa.

Mashine ya shemeji, kwa wanaotaka kujua, ilirudi kwa fundi yuleyule. Safari hii shemeji alileta mama wawili wa Mbuguni kwenye pikapu, wakasimama kando ya mashine na debe tupu, fundi akaweka alama ya chaki kwenye kila mguu walipomwambia. Wakabishana kidogo, mmoja akasema bado juu, mwingine akasema hapo ukizidi tutainama. Kisha akakata. Shemeji akalipa tena, kukatiwa chuma alichokuwa amelipa kuungiwa.